Chumvi Iliyoyeyukia Mfukoni

Jamaa, leo nimepatikana. Nimepatikana vibaya, mchana kweupe, mbele ya darasa zima na inspekta mwenye tai.

Ngoja niwaeleze polepole, maana mimi mwenyewe bado sijaelewa vizuri.

Mnajua nimefika Butembo. (Ndiyo, nilisema naenda Kisangani. Barabara ilibadilisha mawazo.) Hapa kuna shule moja yenye labo ya kemia, na ndani ya labo kuna Prof Ilunga, mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma huku kufundisha, halafu vita ikamsahau huku. Mimi, kama mnavyojua, shule niliiacha nikiwa bado mdogo. Lakini kila nilipopita pale nilisimama dirishani kuangalia vichupa na moshi wa rangi. Siku moja Prof akachoka kuniona.

"Weye! Ingia ao uende!"

Nikaingia.

Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa labo: kuosha vyombo, kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, kupima hiki na kile. Mtu huyo anavaa blouse nyeupe ndefu, lile koti la wanasayansi. Jamaa, sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile blouse! Nimepakia magari, nimechimba mashimo, nimeuza viazi vya Lubero, na katika kazi zote hizo hakuna hata moja iliyonijibu swali. Hii inajibu maswali kutwa. Prof akakubali kunijaribu. Siku ya jaribio ilikuwa leo, na inspekta wa shule angekuwepo.

Jaribio lenyewe ni hili: kutafuta digri ya joto ambapo chumvi moja inayeyuka. Si chumvi ya kula. Ni fuwele za rangi ya waridi, zinatoka katika udongo adimu, Prof anaziita néodyme. Padri rafiki yake alimtumia kichupa kimoja kwa ndege ndogo. Kimoja tu, na kingine hakiji mpaka vita iishe. Unatia punje chache ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama sindano, unaufunga kwenye kipimajoto, unavichovya vyote ndani ya mafuta juu ya mbabula. Halafu unakodoa macho.

Jana alinizoeza kwa nta ya mshumaa.

"Sikiliza, Kakule. Ukiona inayeyuka, hapana ngoja. Soma degré palepale, unipigie kelele."

"Palepale, Prof."

"Hata kama niko nasema na préfet, mukubwa wa shule."

"Hata kama uko nasema na Papa wa Roma."

(Likamateni hilo neno "palepale". Ndilo lililonimaliza.)

Kisha akanituma Beni nikachukue kichupa kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi, kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana na vizuizi vyote vya barabara. Akanipa onyo kuhusu askari wa vizuizini.

"Ku barrière, hapana sema ni minerai, ni madini. Basoda bakisikia minerai batawaza ni coltan ya bei kali, na weye hautarudia. Sema tu ni chumvi. Njo ukweli yenyewe."

Basi, nikalala Beni, leo asubuhi nikakipokea kichupa Mavivi. Kizuri, kizito, kimefungwa kwa nta. Nikapanda pikipiki ya kukodi, nyuma ya dereva, kurudi.

Kizuizi cha kwanza, salama. Cha pili, askari watatu wamekaa kuzunguka sufuria ya maharagwe.

"Petit, nini oyo?" mkubwa wao akauliza, akionyesha kichupa.

"Chumvi, chef."

Wote watatu wakasimama kama nimewaimbia wimbo wa taifa. Nikashangaa. Halafu nikakumbuka magari ya bidhaa hayapiti siku hizi, na chumvi sokoni imekuwa kitu cha kusimuliwa. Prof alifikiria coltan. Hakufikiria maharagwe!

"Mungwa!" mmoja akapiga kelele, akiitaja chumvi kwa Kilingala. "Kumbe Mungu iko!"

"Hapana ya kupika, chef! Ni ya kupima!"

"Ndiyo, tutapima."

Akavunja nta, akamwaga kijiko kizima ndani ya sufuria. Akakoroga. Akaonja. Uso wake ukatabasamu, kisha ukajikunja, kisha ukabaki katikati.

"Iko sukari... Non. Inakamata ulimi! Weye, hii ni chumvi ya wapi?"

"Ya shule, chef."

"Njo sababu batoto banatoroka masomo!"

Wakanirudishia chumvi iliyobaki kwa hasira, imefungwa ndani ya ukurasa wa gazeti. Kichupa wakabaki nacho, eti ni cha pilipili. Nilijiona mshindi. Nikatia karatasi mfukoni, mfuko wa mbele, tukaendelea.

Mnajua baridi ya milima hii. Ukungu umelala barabarani, hewa unaweza kuikamua. Tulipokaribia mji, nikahisi paja limelowa. Nikawaza: mvua. Halafu nikawaza tena: mvua gani inanyesha mfukoni peke yake?

Nikaitoa karatasi. Yesu Maria! Imekuwa kama uji, na zile fuwele zinazama ndani ya maji ya waridi, naziona kwa macho yangu. Zinayeyuka! Hakuna mbabula! Hakuna mafuta! Nani ameziwasha?

Nikasikia sauti ya Prof kichwani: palepale!

"Simamisha pikipiki!" nikamwambia dereva wa pikipiki, nikarudisha karatasi mfukoni, nikakimbilia kituo cha afya kilichokuwa kando ya barabara. Muuguzi, Mama Masika, alikuwa mlangoni.

"Mama, nipe thermomètre, mbio!"

"Unagonjwa, mwana?"

"Hapana mimi. Chumvi."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu ambaye hutaki kumshtua. Akanipa. Nikaidumbukiza mfukoni, kati ya ile karatasi na paja, nikasimama kwa mguu mmoja. (Msiniulize kwa nini mguu mmoja. Niliona ni kisayansi zaidi.) Akaichomoa mwenyewe, akasoma.

"Makumi tatu na sita na nusu. Hauna homa."

"Aksanti, Mama! Umesaidia sayansi!"

"Ndiyo, mwana. Nenda ulale."

Sikulala. Nilikimbia mpaka shuleni, nikasukuma mlango wa labo bila kubisha. Darasa la sita lote limekaa. Préfet amesimama. Inspekta ameshika mikono nyuma. Prof yuko katikati ya sentensi.

"Prof! Imeyeyuka! Degré makumi tatu na sita na nusu!"

Hakuna aliyeniangalia usoni. Wote walikuwa wanaangalia chini kidogo. Nami nikaangalia. Doa la waridi, bichi, kutoka mfukoni limevuka mbele ya suruali mpaka goti la pili.

"Monsieur," inspekta akasema taratibu, "umepita ku toilette?"

"Ni chumvi!"

Prof akavua miwani.

"Kakule. Thermomètre ulitia wapi?"

"Mu mufuko, Prof."

"Karibu na nini?"

"Na... paja."

"Donc umepima nini?"

Darasa lilielewa kabla yangu. Msichana wa mbele akaanguka kutoka kwenye benchi, nasema kweli, akaanguka!

Prof akaeleza kwamba chumvi ile ina kiu. Ikiachwa wazi inakunywa maji ya hewa mpaka inazama ndani yake. Moto haumo. Kwa Kifaransa kuyeyuka kwa moto kuna neno lake na kuyeyuka kwa maji kuna neno lake. Kwetu vyote ni kuyeyuka.

"Lakini Prof, uliniambia kuyeyuka!"

"Ni kweli, collègue," préfet akasema. "Ulimwambia kuyeyuka."

Prof akavaa tena miwani. Halafu akaniangalia suruali kwa jicho jipya.

"Vua."

"Prof?"

"Pantalon. Néodyme yote ya Butembo iko mule ndani."

Nikaenda nyuma ya kabati. (Kabati lina milango ya vioo pande zote mbili. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshavua.) Kelele zilizotoka pale zimesikika sokoni. Prof akanirushia kitu cha kujifunika.

Wakaisuuza suruali ndani ya beseni, wakaichuja, wakachemsha yale maji juu ya mbabula mpaka chini kukabaki ukoko wa waridi. Darasa likapiga makofi. Prof akaukwangua, akatikisa kichwa.

"Sabuni, vumbi, jasho. Hii haitatupa degré ya néodyme. Itatupa degré ya pantalon."

Akitoka, préfet alisema bila kucheka: "Huyu arudie kesho asubuhi." Nikamwuliza Prof: kurudia kufanya kazi, ao kurudia kufukuzwa? Prof akajibu: "Rudia na pantalon ingine." Tangu saa ile nalipindua jibu hilo, silielewi.

Sasa ninawaandikia kutoka cyber. Suruali iko kwa Prof. Niliitaka blouse nyeupe ya labo, nimeipata, ninayo mwilini hivi, na inakosa vifungo viwili vya chini. Tafadhali asicheke mtu. Mwenye cyber ameshacheka kwa niaba yenu wote. Lakini kama kuna anayepita Butembo kabla ya kesho asubuhi, aniletee suruali. Rangi yoyote, isipokuwa waridi.