Bomba la Chokoleti la Mama Verlene

Jumatatu, 19 Oktoba 2020

Theluji! Oktoba haijaisha na maboga yangu barazani yameshavaa kofia nyeupe. Nimesema ni dalili njema. Trent, mume wangu, kasema ni dalili ya theluji.

Habari kubwa: jiji halijapiga marufuku Usiku wa Waombaji, ule wa watoto kuomba peremende nyumba kwa nyumba. Kila familia iamue yenyewe. Bora wangetuamulia! Kundi la mtaa kwenye simu linawaka moto tangu asubuhi. Wengine wanasema watoto wamefungiwa tangu Machi, waacheni wavae mavazi yao, wagonge milango, wapate peremende. Wengine wanasema mkiwatoa mtatuua. Kinara wa hawa wa pili ni Bi Hockett wa ng'ambo ya barabara, mwalimu mstaafu wa michezo. Anaandika kwa herufi kubwa tupu. Hata "habari za asubuhi" yake ilikuwa kubwa.

Nikajibu kwamba sisi tutatoka, ila kwa akili. Akauliza akili gani. Sikuwa nayo bado. Nikamtumia picha ya boga.

Hapa Des Moines mtoto hapewi peremende hivi hivi. Lazima kwanza aseme kichekesho mlangoni. Mwaka jana Etta wangu aliona haya, akajificha nyuma ya goti langu mtaa mzima. Sasa ana miaka mitano na kichekesho chake mwenyewe, kakitunga akiwa anaoga: kwa nini mzimu haogopi korona? Kwa sababu ameshakufa! Mwanangu huyo! Mimi shule niliiacha njiani, lakini akili ninaijua nikiiona.

Tatizo moja tu. Akisisimka, anaanza na jibu. Anapiga kelele "Ameshakufa!" halafu swali linampotea.

Na anachotaka si peremende za mtaa. Anataka mche wa chokoleti wa bibi yake. Mama Verlene, mama mkwe wangu, ndiye hakimu wa vichekesho hapa tangu Trent hajazaliwa. Huketi mlangoni na bakuli lake. Usipomchekesha, unapata pipi ndogo na pole. Ukimchekesha, unapata mche mzima wa chokoleti. Kuna baba mwenye ndevu mtaani humu ambaye mpaka leo hajamsamehe ile pipi ndogo.

Lakini Mama Verlene, anayekaa ghorofa ya juu ya nyumba yetu, ana mapafu mabovu na mashine ya oksijeni. Mimi nakaa kaunta ya duka la vyakula, napumuliwa na watu kutwa nzima. Kwa hiyo tangu Machi yeye hashuki, sisi hatupandi. Chakula nakiacha juu ya ngazi, nagonga, nakimbia.

Nitatafuta njia. Ipo tu.


Jumatano, 21 Oktoba

Nimeipata! Etta atakuwa sayari. Ile yenye pete. Pete ikiwa kubwa ya kutosha, nani atamkaribia?

Etta akasema yeye ni mzimu, vinginevyo kichekesho hakina maana. Machozi. Tukapatana: mzimu wenye pete. Nikatumia shuka, mpira wa kumwagilia bustani, na henga zote za nguo za Trent. Mashati yake yako sakafuni. Hajaona bado.

Majaribio saa tisa. Akakwama mlangoni. Nikamsukuma, akakwama zaidi. Trent akamtoa kwa ubavu kama wanavyotoa kochi. Nje akaanguka kwenye theluji, akashindwa kuinuka, akabaki anazunguka mgongoni kama kobe. Alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kengele ya mlango hakuifikia kabisa.

Bi Hockett alisimama dirishani kwake na mikono kifuani muda wote. Nikampungia. Akashusha pazia.

Trent kayaona mashati.


Ijumaa, 23 Oktoba

Siku mbaya.

Mama Verlene alinipigia simu kutoka juu. Kasema mwanangu, sikukatazi, mtoto ni wako. Ila mkienda kugonga milango ya watu, mimi nitahamia kwa dada yangu, mji wa Dubuque, mpaka Krismasi. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kujibu. Alisema naogopa, Kaylin, basi. Na huyu mama haogopi kitu! Aliwahi kumfukuza nyoka jikoni kwa mwiko.

Trent akasema kwa leo Bi Hockett ana haki. Jina hilo, ndani ya nyumba yangu!

Basi hatutoki. Nikamwambia Etta. Hakulia. Aliuliza kama Bibi atashuka kumfungulia mlango. Nikasema hawezi. Akauliza, sasa nani ataamua kama nachekesha?

Nikaenda gereji nikajifanya natafuta kitu.

Jioni tukajaribu simu ya video. Mama Verlene sikio moja limekufa, lingine lina uchovu, kwa hiyo kila akipigiwa anaibandika simu sikioni. Tukaona sikio. Sikio kubwa, skrini nzima. Etta akaliambia sikio kichekesho, kwa kuanza na jibu. Sikio likasema nani amekufa? Tukakata.


Jumapili, 25 Oktoba

Nilipokuwa najifanya natafuta kitu, nilikiona!

Trent ni fundi bomba. Gereji yetu imejaa mabomba. Kutoka dirisha la Mama Verlene mpaka kwenye nyasi nitashusha bomba refu. Etta anasimama chini, anasemea ndani ya bomba, kichekesho kinapanda. Mama anacheka, mche unashuka. Hakuna anayegusana na mtu! Kwa nini serikali haijafikiria hili?

Nikachukua lile refu kuliko yote. Trent yuko kazini. Mama Verlene akafungua dirisha, akavuta ncha ya juu kwa kamba ya gauni lake la kuogea. Kasema amefurahi kupata kazi. Nikalifunga kwenye mfereji wa paa kwa waya wa henga. Zimefaa mwishowe.

Trent karudi. Kaliangalia bomba. Kaniuliza kama najua lilitoka wapi. Nikasema gereji. Kasema kabla ya hapo. Kabla ya hapo lilikuwa chini ya jiko la mgahawa wa samaki.

Nimeliosha kwa sabuni. Kisha kwa jiki. Kisha kwa maji ya ndimu. Sasa linanuka samaki aliyeandaliwa vizuri.


Jumanne, 27 Oktoba

Naandika haraka kabla aibu haijapoa.

Majaribio ya mche wa kwanza. Mama Verlene aliutumbukiza, ukateremka vizuri, ukakwama kwenye kona. Nikatikisa bomba. Nikaligonga kwa ufagio. Kimya. Etta alikuwa chini na ndoo yake, uso juu, anasubiri.

Nikakumbuka mashine ya Trent ya kupuliza majani. Nikaichomeka chini, nikawasha.

Mche haukushuka. Ulipanda! Ulitoka juu kama risasi, ukapiga taa, ukaanguka ndani ya supu ya Mama Verlene. Alipiga simu. Kasema korona imeshindwa kuniua tangu Machi, nisingependa kuuawa na chokoleti.

Nilikuwa bado nacheka Bi Hockett alipofika. Alisimama mwisho wa njia yetu, barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine. Akaniuliza kama nina kichaa. Kasema wewe binti, pumzi za mtoto zinaenda wapi? Si juu, mpaka puani kwa mgonjwa? Umeijengea korona barabara ya lami! Na leo umempulizia upepo wa gereji nzima!

Sikuwa nimefikiria hilo.

Nikampigia Mama Verlene, nikamwomba afungue madirisha yote, nikamwomba radhi. Kasema tulia, mwanangu, napumua kama kawaida, yaani vibaya. Nikakaa ndani ya gari nikalia kidogo. Nikala mche mmoja.


Alhamisi, 29 Oktoba

Mama Verlene yuko salama. Hana homa wala kikohozi kipya. Nampigia kila baada ya muda kidogo mpaka ameniambia nimwache aangalie kipindi chake.

Etta amekunja shuka la mzimu, amelirudisha kabatini mwenyewe, vizuri kabisa. Afadhali angelitupa sakafuni.

Mchana mlango ukagongwa. Nafungua, hakuna mtu. Kumbe Bi Hockett ameshakimbilia mwisho wa njia. Kwenye ngazi ameacha kipaza sauti cha mkononi, kile alichokuwa anawafokea watoto wa shule uwanjani. Kinanuka dawa ya kuua vijidudu. Kasema mtoto asimame barabarani huko, dirisha lifungwe, hata sikio la Verlene litasikia. Bomba liwe la kushusha tu, na tundu lake juu lizibwe kwa taulo.

Nikamwambia nilidhani hapendi Usiku wa Waombaji. Akarekebisha barakoa zake. Kasema kaka yake alifariki Aprili, hospitalini, na yeye alimuaga kupitia simu aliyoshikiwa na muuguzi. Kasema sitaki mwingine wa mtaa huu aagwe hivyo, basi.

Nilifikiri zile herufi kubwa ni kiburi. Kumbe alikuwa anapiga kelele za hofu.

Nikamwambia asante. Akasema nifunge vizuri ule waya, umekaa kama kazi ya mlevi.


Ijumaa, 30 Oktoba

Usiku wa Waombaji!

Saa kumi na mbili jioni Mama Verlene alitokea dirishani. Sweta ya rangi ya boga, midomo myekundu, nywele kazitengeneza. Tangu Machi sijamwona na rangi ya mdomo. Bakuli lake mapajani. Trent alisimama chini karibu na bomba na ndoo. Nikampeleka mzimu wangu mpaka ukingo wa barabara, nikamwekea kipaza sauti mdomoni. Nikamnong'oneza: swali kwanza, mpenzi. Swali. Akaitikia kwa kichwa ndani ya shuka.

Akavuta pumzi.

"AMESHAKUFA!"

Mtaa mzima! Hata mbwa walinyamaza. Milango ikafunguka, mmoja baada ya mwingine. Yule baba mwenye ndevu akavua kofia. Mama mmoja akaanza kufanya ishara ya msalaba. Bi Hockett akatoka mbio na ndala juu ya theluji, bila koti, mkono mdomoni, akiangalia juu kwa Mama Verlene.

Na Mama Verlene akafungua dirisha upana wa kiganja, akatoa sauti ambayo sikujua bado anayo. "Bado! Bado nipo, jamani! Rudisheni kofia!"

Etta alikuwa ametulia tu, kama mtu anayejua kazi yake. Akapandisha tena kipaza sauti. "Kwa nini mzimu haogopi korona?"

Mama Verlene akacheka. Sijui niandikeje. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akacheka tena. Akapiga kioo kwa kofi. Bi Hockett aliketi palepale kwenye kisiki cha mti kilicho mbele ya nyumba yake, sijui akicheka au akilia, barakoa haionyeshi. Kisha bomba likanguruma, mche ukateremka kona na yote, ukatua ndooni. Mzima!

Etta hakuufungua. Aliuinua juu kwa mikono miwili, Bibi yake auone.

Halafu watoto wengine wakatoka. Kila familia ilisimama mbele ya uwanja wake, wakapaza sauti wenyewe, mmoja mmoja, na Bi Hockett kapata filimbi mahali, akawapangia zamu. Bakuli likaisha. Baba mwenye ndevu alijaribu tena, baada ya miaka yote hiyo. Mche! Alivua tena kofia.

Bi Hockett naye alisema kichekesho: kwa nini mchawi hakuvaa barakoa? Pua haikuenea. Mimi nilicheka. Mama Verlene akafikiri. Akamteremshia pipi ndogo.

Nakiri nimeifurahia pipi ile kuliko inavyopaswa.


Jumapili, 1 Novemba

Etta kasema mche una ladha ya samaki. Ameula wote.

Mama Verlene anaendelea vizuri. Kaniambia kitu kimoja tu kinamuuma: Siku ya Shukrani, ile ya familia kula bata mzinga pamoja, inakuja na atakula peke yake juu, tena chakula kilichopoa kwenye ngazi. Kwa hiyo nimefikiri. Sikupanga kufikiri, imekuja yenyewe nikiwa nasafisha meza.

Bomba la chokoleti ni jembamba kwa bata mzinga. Lakini Trent ana lile pana, la maji ya mvua, nyuma ya gereji. Bata anaingia mzima, wa moto, anapanda juu moja kwa moja. Mchuzi utafuata.

Trent kasema hapana kabla sijafungua mdomo. Eti ameiona kwenye uso wangu.

Sasa amelala kwenye kochi, nimepata nafasi ya kujaribu. Sina bata, nimetumia boga la barazani, lile kubwa. Limeingia vizuri sana. Limefika katikati, limekwama.

Si kitu. Naenda kuchukua mashine ya kupuliza majani.