Baiskeli ya Umeme na Makofi ya Ukweni

Jumatatu, 12 Januari 2026

Siku ya kumi na saba ya ndoa. Mvua tangu alfajiri. Ziwa lina rangi ya sufuria kuukuu. Lakini mimi nina Edina! Na tangu leo nina baiskeli ya umeme!

Nimebadilishana na Clinton wa duka la simu. Yeye kachukua kabati letu la mninga, mimi nimepata baiskeli na chaja yake. Nilimweleza Edina kuwa haya yote ni mapenzi: asubuhi nitampakia hadi mwaloni Kibirizi anakouza dagaa, jioni tutapanda mlima kurudi kwetu Mwanga bila tone la jasho. Nilitegemea kukumbatiwa. Akatazama mahali lilipokuwa kabati, akaniuliza kama nakumbuka nani alilitengeneza.

Nakumbuka. Baba yake, Mzee Eliakimu, seremala wa Kidahwe. Zawadi ya harusi. Alilipiga chapa ya herufi E ubavuni kwa chuma cha moto, kama afanyavyo kwa kila kitu chake. Edina akasema baba anakuja Jumapili kuweka kitasa kilichobaki.

Vyombo viko sakafuni. Hata akinuna, mke wangu ni mzuri mpaka naogopa.

Azimio: Mzee akiona baiskeli inapanda mlima na bintiye yuko nyuma, atasahau kabati.

Jumanne, 13 Januari

Jaribio la kwanza, jioni tukitoka Kibirizi. Edina kwenye keria, beseni la dagaa mapajani, mkono wake kiunoni mwangu. Raha iliyoje! Nguvu za mota zina namba moja mpaka tano. Nikaweka tano. Gia nikaacha kubwa, maana mwanamume hapandi mlima na gia ndogo.

Mota ililia kama mzinga wa nyuki. Hatua thelathini. Kimya. Tukaanza kurudi kinyumenyume.

Wapagazi wa Kibirizi walitua mizigo ili wacheke vizuri. Mmoja akapaza sauti: shemeji, shuka umbebe mgongoni! Mwingine akauliza kama baiskeli imekunywa chai. Dagaa wote chini. Kunguru wakashukuru.

Kisha akatokea jirani yetu Adolf na bodaboda yake, Adolf ambaye hupiga honi kila amwonapo mke wangu. Akampandisha Edina hadi nyumbani. Akakataa nauli. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilisukuma. Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni ng'ombe mgonjwa.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda Rusimbi kwa fundi, Mzee Nassib. Akainua siti, akakaza mnyororo, akajaza upepo. Akanifundisha: weka gia ndogo kabla mlima haujaanza, namba mbili inatosha, na kanyaga, mota ni ya kukusaidia, si ya kubeba mvivu. Miguu ikizunguka, mota inasukuma. Ukibana breki, inakata. Kwa hiyo mikono isitoke kwenye usukani. Akamalizia: mwanangu, mota haimjui mkwe wala bosi.

Nilimshukuru sana. Mzee wa watu, amezoea baiskeli za kawaida. Nilipokata kona nikarudisha tano.

Nyumbani kimya. Karatasi juu ya jiko. Edina amekwenda kwa mama yake Kidahwe, atarudi siku kabati litakaporudi. Hajamwambia baba. Anasema aibu hiyo ni yake kuliko yangu. Amepelekwa na Adolf.

Nimekula ugali nimesimama. Kanga yake bado iko kwenye kamba, imelowa. Sikuianua. Nikiianua nitakuwa nimekubali kuwa hayupo.

Alhamisi, 15 Januari

Nilimwomba Clinton turudishiane. Akakataa. Kabati zuri, alisema, kasoro yake ni kitasa tu, na ameshalipeleka kwa fundi anayejua kazi. Sikuuliza fundi gani. Nilikuwa nawaza jambo kubwa zaidi.

Nalo ni hili: nitakwenda Kidahwe mwenyewe, kwa umeme, nimrudishe mke wangu mbele ya ukoo wote. Na nitasalimu vizuri. Mimi ni mtu wa Ujiji, kwetu shikamoo inatosha. Ukweni ni Waha, wao wanataka makofi: unasimama, unainama, unapiga viganja taratibu mpaka mkubwa aitikie. Siku ya harusi nilipiga kama niko mpirani. Mashangazi hawajasahau. Leo nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Machozi yalinitoka kidogo. Pengine ni moshi.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mlima wa kwanza wa barabara ya Kasulu, bibi mmoja na kuni zake. Nikasimama, nikainama, makofi, nikamwamkia kwa Kiha: mwakeye. Akauliza habari za nyumbani, za mvua, za mama. Kuondoka tena pale mlimani, baiskeli ikakohoa. Mlima wa pili, wazee watatu. Makofi mara tatu. Betri ikabaki nusu. Nikaona wazi: heshima inamaliza betri.

Ndipo akili ikaja. Kwa nini nisimame? Nilipomwona mzee aliyefuata niliachia usukani, nikapiga makofi mawili huku miguu ikizunguka, nikapita. Safi! Mzee alibaki mdomo wazi, bila shaka kwa kuvutiwa.

Kwa Mzee Eliakimu ni mteremko mpaka uani. Alikuwa amesimama na randa mkononi. Nyuma yake Edina, gauni la njano, mzuri kuliko siku ya harusi. Nikaachia. Nikainama. Nikapiga makofi taratibu, kwa unyenyekevu, sawasawa na kwenye kioo. Miguu ikaendelea kuzunguka. Mota ikasukuma namba tano.

Mzee aliruka. Kilichokuwa kando yake hakikuruka. Kabati la mninga. Herufi E ubavuni. Clinton alikuwa amelipeleka kwake ligongwe kitasa.

Mlango umepasuka. Kifundo changu cha mkono wa kulia pia. Mzee hakugomba. Aliniambia polepole kwamba tangu juzi alikuwa akimuuliza bintiye kabati lilifikaje kwa Clinton, na bintiye akisema limeibiwa. Amenitetea kwa uongo, mpenzi wangu! Sasa amevuliwa nguo mbele ya baba yake. Mzee akasema Edina atabaki hapo mpaka nyumba yangu iwe na kabati. Edina alinifunga mkono kwa kitambaa bila kuniangalia usoni.

Nimerudishwa na Adolf, aliyeitwa kwa simu. Baiskeli juu ya mapaja yangu.

Jumapili, 18 Januari

Mvua. Nyumba inavuma kwa utupu. Kanga bado iko kwenye kamba.

Nimefikiri sana, na nimeona kosa langu liko wapi. Betri moja haitoshi. Ningekuwa na mbili ningesimama kwa kila mzee, nikafika kwa adabu. Clinton anayo ya pili. Anasema atakubali kitanda. Kweli, Edina hayupo, kitanda cha futi sita cha nini?

Nimekikagua. Kuna herufi E chini ya ubavu. Haidhuru. Kesho nitanunua msasa.