Kompyuta Isiyo na Mdomo

Muchangi wa Kianjokoma alikuwa fundi wa kila kitu ambacho mwenyewe hakukielewa. Mwaka huo wa 1997 alikuwa amefika Kangeta kuuza antena za kuvuta televisheni ya Ulaya. Alikuwa ameshauza nne, jambo lililomlazimu kunywa chai yake hotelini akiwa ameukabili mlango. Hapo ndipo alipomsikia Mzee Gitobu, mfanyabiashara wa miraa, akilalamika kwa sauti ya mtu anayetaka hoteli nzima ijue kwamba ana kompyuta.

"Nimeinunua Nairobi, wakaniwekea na hard disk mpya, ile kubwa kabisa," alisema Gitobu. "Nikiwasha, inaniambia haioni disk. Na disk iko ndani! Nimeiona na hii macho yangu!"

Muchangi aliweka kikombe chini. Alikuwa amesomea kompyuta wiki tatu katika chuo kimoja cha Embu, kabla karo haijamshinda. Lakini bei ya hard disk mpya aliijua vizuri sana, na ndani ya begi lake kulikuwa na disk kuukuu, imekufa zamani lakini kwa nje inafanana na mpya, aliyoibeba kwa ajili ya siku kama hii. Akamshukuru Mungu, maana alikuwa mtu wa dini.

"Samahani, mzee," alisema. "Mimi ni injinia wa hizo vitu."

Nyumbani kwa Gitobu kompyuta ilikaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio, kama makochi, kama kila kitu ambacho hakikuweza kukimbia. Mkewe, Gatakaa, aliyesimamia wafungaji wa miraa, alileta chai. Kompyuta hiyo ilinunuliwa kwa fedha za kumuuza mtamba wake, ng'ombe ambaye alimlea kwa chupa tangu siku mama yake alipokufa, na uchungu wa mtamba huyo ulikuwa bado haujamtoka. Gitobu alikuwa na hoja nzito: kwa kompyuta angeziona bei za miraa huko London kabla ya madalali wote, kisha awanyonye kama walivyomnyonya. Mkewe aliuliza mara moja tu ni nani huko London ambaye angemwandikia bei hizo. Akaambiwa mambo ya teknolojia ni mazito.

Muchangi alifungua sanduku la kompyuta, akachungulia, akaguna. Cha kusikitisha ni kwamba shida ilikuwa ya kweli. Kompyuta ilikuwa ya zamani na disk ilikuwa kubwa kuliko zile ilizozizoea. Ili iione, disk ilihitaji kuwekewa programu ndogo iitwayo draiva, na draiva hiyo ilikuwa kwenye floppy, kile kisahani bapa cha plastiki, iliyokuja na disk. Kompyuta ya Gitobu haikuwa na mahali pa kuingizia floppy. Waliomuuzia waliziba nafasi hiyo kwa kipande cha plastiki, wakampongeza kwa kuchagua vizuri.

"Nilijaribu kuiingiza hapa," Gitobu alikiri, akionyesha matundu ya kupitishia hewa. Floppy ilikuwa imekunjika kona moja.

"Mzee, hii haina mdomo. Utailisha aje?" alisema Muchangi. "Tunatoa hard disk, naenda nayo Maua, naifunga kwa mashine iko na mdomo, naiwekea draiva, narudisha. Jioni unaongea na London."

Kila neno lilikuwa kweli. Muchangi alianza na ukweli kama wapishi wanavyoanza na kitunguu, uongo akautia baadaye.

"Enda nayo! Enda nayo haraka!" alisema Gitobu.

"Haiendi," alisema Gatakaa. Wanaume wote wawili waligeuka, maana walikuwa wamesahau kwamba yupo. "Hiyo disk ni ng'ombe yangu. Ikienda, tunaenda pamoja."

Hivyo Muchangi, aliyepanga kufika stendi peke yake na kutoweka, alijikuta Maua akiwa na Gatakaa, mbele ya mlango wa chuo cha taipu cha Ntinyari, binti wa dada yake Gatakaa. Chuo kilikuwa na taipureta nane na kompyuta moja yenye mdomo wa floppy. Ntinyari aliinyoosha ile kona ya floppy kwa kisu cha mezani, akavuta kiti upande mmoja wa Muchangi. Gatakaa akavuta kiti upande wa pili.

Katikati ya wanawake hao wawili, Muchangi alilazimika kufanya kazi. Alifunga disk. Alikosea waya, akatoa jasho, akafunga upya. Ntinyari alimsomea maelezo ya kwenye karatasi, polepole, namna anavyosomewa mtoto wa nasari. Baada ya saa nzima kompyuta iliandika kwamba draiva imeingia. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoimaliza maishani mwake, na hakuipenda hata kidogo.

Gatakaa aliichukua disk, akaifunga kwa jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba, jinsi anavyofunga kila kitu chenye thamani, akaiweka mezani. Kisha Ntinyari akamwita chumba cha nyuma akaone kitoto chake.

Dakika moja ilimtosha Muchangi. Alifungua jani, disk nzima ikaingia begini, maiti ikaingia ndani ya jani. Akafunga kamba vizuri, akapangusa meza, akakaa mikono ikiwa mapajani kama mtu anayesubiri ushirika mtakatifu.

Gatakaa alirudi, akauchukua mzigo wake, akaushika kidogo.

"Injinia, umechoka," alisema. "Enda hapo kwa duka utuletee soda baridi. Begi wacha tu. Nani ataiba hapa kwa Ntinyari?"

Muchangi aliliacha, kwa sababu mtu anayekwenda kununua soda akiwa amekumbatia begi huwapa watu mawazo. Aliporudi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Soda tatu alizilipia mwenyewe, na moyoni akaziita gharama za biashara.

Waliporudi Kangeta walikuta sebule imejaa. Gitobu alikuwa amewaalika majirani, mzee wa kanisa, na wafungaji wanne wa miraa wa mke wake, vijana wenye mikono mipana. Mzee wa kanisa aliiombea kompyuta kwa kirefu. Muchangi alifunga disk mahali pake, akavaa uso wa msiba. Hotuba ilikuwa tayari: barabara mbaya, mitikisiko, hizi vitu za siku hizi, pole sana, mzee. Gari la Embu lilikuwa linaondoka saa kumi na moja.

"Mzee Gitobu," alianza, akibonyeza swichi, "wakati mwingine hizi vitu, hata ukijitahidi..."

Kompyuta ilivuma. Maandishi yalijipanga kwenye kioo. Iliiona disk, ikataja ukubwa wake wote, ikatulia ikisubiri amri.

"Haiwezekani!" alipiga kelele Muchangi.

"Kwa wengine!" alijibu Gitobu, akamkumbatia hadi mbavu zikamuuma. "Kwa injinia inawezekana!"

Makofi yalipigwa. Kwa muda mfupi Muchangi aliyaamini maombi ya mzee wa kanisa. Halafu akafungua begi lake polepole. Disk iliyokufa ilikuwa humo, imezungushiwa jani la mgomba, imefungwa kwa fundo dogo, safi sana.

Gatakaa alikaa karibu naye na kikombe cha chai.

"Wewe ni wa Embu," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenu mnachuma majani chai. Hapa kila mfungaji ako na fundo yake. Kitita ya miraa ikifunguliwa njiani, hata ikifika Nairobi, tunajua. Yako ilikuwa kama ya kamba ya kiatu."

Muchangi alitazama mlango. Wafungaji wanne walikuwa wameuegemea, wakinywa chai.

"Mama, unataka nini?" alinong'ona.

"Ntinyari alinunua mashine sita kwa mnada. Zote hazina mdomo. Kesho saa mbili uwe huko. Leo utalala kwa mzee wa kanisa, ameshakubali. Anaamka saa kumi kuomba."

Muchangi aliziwekea zote sita draiva, na kwa bahati mbaya zote zikafanya kazi. Aliposubiri ujira wake, Ntinyari alimweleza kwa upole kwamba umeshapelekwa Kangeta, umenunua mtamba. Gatakaa alikuwa anaimba akimkatia mtamba huyo majani.

Gitobu hakuambiwa lolote. Mpaka sasa anasubiri bei za London, na huku akisubiri alisimama sokoni akamtangaza Muchangi kuwa fundi mwaminifu kuliko wote waliowahi kukanyaga ardhi ya Igembe. Akapewa kibanda pale sokoni, na watu wakaanza kumletea redio, saa na pasi, wakaziacha kwake bila kuandikishana. Wengine walimwachia hata funguo za maduka. Mali ya soko zima ilikuwa mikononi mwake, na aliitazama kwa machozi ya kweli, kwa sababu kila asubuhi wafungaji wanne walipita mlangoni pake, wakamwamkia kwa jina, wakauliza kama amelala vizuri.