Siku Kidole Radi Alipoipa Programu Makao

Enyi wazazi wenye kompyuta moja na watoto zaidi ya mmoja, acheni mnachokifanya, zimeni jiko kama linawaka, mje msikie habari za vita vilivyopiganwa baina ya cherehani na pasi, siku ambayo binti wa fundi nguo alishika hatima ya gauni la harusi kwa ncha ya kidole. Sikieni, mkawaonye wenu.

Binti huyo nyumbani humwita Kidole Radi, kwa jinsi anavyoipiga kibodi ikalia. Mbele yake ilikaa kompyuta yenye mfumo wa Linux, mhimili wa riziki ya nyumba. Nyuma yake alisimama mama yake, futi ya kupimia shingoni, hofu kifuani. Maana bi harusi alikuwa njiani, kitambaa chake kimelala mezani hakijaguswa, na mchoro wa gauni alioutuma ulikataa katakata kufunguka katika programu ya kuchorea nguo iliyokuwamo, kwa kuwa ilikuwa imezeeka. Mpya ilipatikana ikiwa mbichi, msimbo mtupu, ya kujijengea mwenyewe. Kidole Radi akaijenga. Feni ikanguruma kama jeshi linalovuka mto, hata ikatulia, likabaki swali moja: iwekwe wapi?

Ndipo akainuka kaka mtu, Bwana Chapuchapu, jemadari wa vita alivyoshindwa, akanena kwa sauti ya baragumu huku mkate umemjaa mdomoni:

"Dada, unatuchelewesha! Itupe kwenye folda ya /usr, juu ya ile kongwe. Ifunike, tumalize!"

Mama akamgeukia. Huyu ndiye aliyewahi kuitupa /usr programu ya printa. Mashine ilipojisasisha ikakuta kitu kigeni vyumbani mwake, nusu ikakifagia, nusu ikakiacha, na printa ikagoma kutoa michoro siku ya kukata sare za shule.

"We mtoto we! Umesahau? Wazazi walinisimamia hapo mlangoni kama vile nimewaibia watoto!"

"Mama, ile ilikuwa bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya ni wewe! Na hayo makombo yatoke kwenye kitambaa cha watu!"

Kidole Radi akainua mkono. Akahutubia:

"Mama yangu, na wewe kaka mwenye makombo, nisikilizeni. /usr ni milki ya mfumo wenyewe. Ndio unaopanga na kufagia humo upendavyo, mgeni hana haki. Nikiiweka katika folda yangu ya nyumbani itakuwa salama, lakini nitaitumia mimi peke yangu."

"Na mimi je?" akauliza shangazi, mkata nguo wa nyumba ile, mwenye mkasi usiotetemeka. "Mimi naingia kwenye kompyuta kwa jina langu. Nikate hewa?"

"Hutakata hewa, shangazi. Ipo /usr/local, chumba alichotengewa mwenye mashine kwa vitu alivyojijengea. Mfumo ukijisasisha hauvigusi, nyote mtaiona, na ile kongwe itabaki mahali pake. Hii mpya ikituchezea, tunaitoa, tunamrudia bibi kizee."

"Una hakika?" mama akauliza, futi ameiuma kwa meno.

"Ninayo, mama."

"Ulikuwa nayo pia ulipotia chumvi kwenye chai."

Lakini akamwachia. Kidole Radi akaiandika njia ile ya /usr/local herufi kwa herufi, akatoa neno la siri, akakishusha kidole. Mistari ikakimbia kiooni kama farasi waliokata kamba, kisha ikakoma. Hodi ikabishwa: bi harusi! Mama akamwitikia "karibu" ya kuburuta, ndefu kama barabara, ili ampe shangazi nafasi ya kuingia kwa jina lake.

Kompyuta ikafikiri. Ikafikiri tena. Kisha gauni likajitandaza kiooni, mikono, kiuno na mkia wake wote, na printa ikakohoa, ikatema karatasi. Shangazi akaibana kwa pini, mkasi ukazama kitambaani.

Basi iandikwe, na wajukuu wasomewe: siku hiyo programu moja iliwekwa pahala pake, na hakuna kilichoharibika. Nanyi wazazi, mtoto akisema "itupe tu popote", mtoeni kitini kwanza, mabishano baadaye. Chapuchapu alikabidhiwa kopo la pini alishike. Alilishika kwa heshima zote, akimweleza bi harusi kwamba /usr/local lilikuwa wazo lake.