Uzinduzi wa Sanamu ya Kutegemeana, Uwanja wa Kuanikia, Kasokola

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika na kwa hiyo nafasi yake naishika mimi mwenyewe. Waheshimiwa wa meza kuu. Viongozi wa dini zote. Wafugaji mliotoka Kasansa na vumbi lenu. Wavuvi mliotoka Karema bila samaki. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi, upande wa meza kuu.)

Mimi, Gervais, Mratibu wa Kamati ya Sanaa, Tafakari na Ustawi Jumuishi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao viongozi wachache wanao, kuzindua sanamu mnayoiona pale imefunikwa turubai la bluu. Ni sanamu ya kidhahania, yaani haina kichwa wala miguu bali ina konsepti, na konsepti yenyewe ni kwamba binadamu ni dhaifu, akiachwa peke yake huanguka, hivyo sharti amwegemee mwenzake. (Mama Séverine, safu ya mbele: "Hilo tunalijua, baba. Mahindi tuyaanike wapi?" Kicheko.)

Swali la msingi. Ni kweli uwanja huu mlikuwa mkianikia mahindi, ni kweli tuliuzungushia uzio kupisha mchakato, na ni kweli mavuno yenu mabichi yamerundikwa vyumbani mnamolala na yanaanza kuota ukungu. Lakini mama yangu, mahindi hushibisha tumbo tu, ilhali upembuzi yakinifu umebaini kwamba asilimia tisini na mbili ya wananchi wana njaa ya sanaa, na asilimia nane iliyobaki haikukutwa nyumbani. (Mama Séverine: "Basi ukungu tukuletee wewe, uuchonge.")

Nikirejea kwenye sanamu, wataalamu wameijenga kwa viwango vya kimataifa, kwa kuzingatia mnyororo wa thamani. (Sanamu yapiga chafya.) Wananchi, msishtuke. Hiyo ni inovesheni. Mikoa mingine ina sanamu, lakini hazipigi chafya. (Sanamu: "Samahani.") Wala hazina adabu.

(Nyamizi, mama wa mapacha, asimama: "Hizo kandambili za tairi chini ya turubai ni za mume wangu.") Dada, msanii amezingatia uhalisia wa eneo. ("Nkwabi, si uliniaga unakwenda mnadani?" Sanamu: "Nyamaza, mama Doto, niko kazini." Kicheko kirefu.)

Naomba utulivu. Mradi huu utaleta watalii, utaleta ajira, na tayari umeajiri. (Nyamizi: "Toka humo, ng'ombe wameingia shamba la watu." Sauti nyingine ndani ya sanamu: "Nkwabi, usiniachie, mgongo wako ndio nguzo yangu." Nkwabi atoka. Libérat, mwenye sauti hiyo, aanguka. Emelyne, aliyesimama mabegani mwa Libérat, adakwa na Mama Séverine. Turubai lalala chini.)

Mmeona wenyewe. Mmoja ameondoka, wote wameanguka. Ni mkoa gani mwingine umewahi kuonyeshwa konsepti kwa uwazi kiasi hiki? (Hakuna makofi, hata meza kuu.)

Kutegemeana, hoyee. (Hoyee, moja, ya Libérat, akiwa bado amelala.) Udhaifu, juu. Juu zaidi.

Kwa kumalizia, nawashukuru wasanii hawa watatu kwa kusimama bila maji tangu alfajiri. Namshukuru kwa namna ya pekee karani wangu Aristide, huyu anayenishikia kipaza sauti, ambaye jana nilimuuliza sanamu iko wapi, akanijibu kwa sauti ndogo kwamba mchongaji hakuwahi kutafutwa, mchoro hakuna aliyewahi kuuona, na kitu pekee ambacho mradi umewahi kuwa nacho ni turubai.

(Mama Séverine: "Zuri. Halijatoboka. Nyie wanawake, leteni mahindi." Uzio wafunguliwa. Madebe na makarai ya mahindi yaingia. Upepo wainua turubai.)

Mama, hiyo ni mali ya Kamati, kuna taratibu za — ("Shika pembe hiyo, baba. Bila mtu linajikunja.") Hii? ("Hiyo. Kaza. Na huyu kijana wako ashike ile.")

Nimeshika. Ila wananchi, hotuba haijaisha, kuna kurasa mbili za mafanikio. Kipaza sauti nani atakishika?

(Wote wameshika turubai.)