Mtu Asiye na Chuma

Jumatatu, 3 Juni

Tiketi zimefika. Tunaruka Ijumaa asubuhi: mimi, mke wangu na shemeji. Jumamosi kitinda mimba wetu anaolewa huko alikohamia kikazi. Gauni nimelishona mwenyewe kwa vipimo vya kutumiwa kwenye simu. Limebaki pindo tu, nitalimaliza akishalivaa. Na ni mimi nitakayemshika mkono kumwingiza ukumbini. Ndege inayofuata ni ya Jumapili. Nikiikosa hii, atakayemshika mkono ni shemeji. Ameshajitolea, eti kwa tahadhari. Hata suti ameshapiga pasi!

Shemeji huyu ni kaka wa mke wangu. Mtaani wanamwita Rubani kwa sababu amepanda ndege mara mbili, na akisimulia utadhani yeye ndiye aliyeshika usukani. Leo alikuja kunieleza habari za ukaguzi. Kwamba unavuliwa viatu na mkanda. Kwamba begi linapita kwenye mashine, wanaona hadi mshono wa ndani. Kwamba lango likilia unapekuliwa, na anayetoka jasho hupelekwa chumba cha pembeni. Nikamuuliza wakitoka chumbani humo wanakwenda wapi. Akanywa chai yake, akaomba sukari.

Mimi hutoka jasho hata nikisalimiwa. Leo sitalala.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata akili! Lango hulia kwa sababu ya chuma. Basi niende bila chuma. Mtu asiye na chuma hana cha kukaguliwa, anapita kama upepo.

Nimefunga duka langu la ushonaji mchana kutwa, wateja wakagonga mpaka wakachoka. Nimeng'oa zipu ya suruali ya suti, nikaweka vifungo vya plastiki. Vifungo vya shaba vya koti nimeng'oa pia. Mkanda nauacha, nimefunga kamba kiunoni. Viatu vina misumari kisiginoni, kwa hiyo nitavaa malapa ya mpira. Nimefanya kazi kwa kasi ya ujana, koti mwilini, pini mdomoni, pini ukosini.

Jioni nilikwenda kwa daktari wa meno kumuuliza kama jino langu lililozibwa linaweza kulia langoni. Alinitazama sana. Akasema miaka yote aliyofanya kazi hajawahi kusikia jino likilia, wanaolia ni wenye meno.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Nilimwomba mke wangu asimame mlangoni mwa jikoni awe afisa usalama. Akakataa, ana nguo za kukunja. Nikambembeleza. Akakubali, akaingia kazini mzima mzima!

Alinipekua mifuko yote. Kwenye mfuko wa ndani akatoa sigara, imekunjika. Mwaka jana niliapa mbele ya watoto kwamba nimeacha. Nikasema ni ya mteja. Akauliza ni mteja gani huyo anayeshonesha sigara. Mazoezi yakaishia hapo, na chakula cha usiku pia.

Lakini kuna faida. Nimejua udhaifu wangu ni kuficha. Huko uwanjani sitasubiri kuulizwa. Nitawaambia ukweli wote, tena mapema.

Alhamisi, 6 Juni

Ugomvi wa mkasi. Ni mkasi wa marehemu baba, mzito, hakuna unaokata kama huo. Mke wangu anasema uingie kwenye sanduku kubwa linalokwenda tumboni mwa ndege. Nikamkumbusha kwamba sanduku la Rubani lilipotea safari ya pili, likarudi baada ya mwezi likiwa na nguo za mtu mwingine. Mke wangu alitia mkasi sandukuni pamoja na kopo la pini, akafunga, ufunguo akautia kifuani. Huko hakuna wa kupekua.

Gauni nimelikatalia katakata. Hilo nalibeba mwenyewe mikononi, ndani ya mfuko wa kitambaa. Na nimeshalitengeneza vizuri: pindo lote nimelikunja na kulishikiza mzunguko mzima, ili kazi ya huko iwe nyepesi.

Nimejikagua mara ya mwisho mbele ya kioo. Sina chuma. Moyo unapiga kama cherehani ya mguu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika ndani ya ndege. Acha nianze mwanzo.

Tulifika mapema mno, hata mfagiaji alituambia turudi baadaye. Foleni ikaanza. Afisa langoni ni dada mpole, umri wa binti yangu. Mke wangu akapita. Rubani akapita, akageuka kuniangalia, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

Nikapita mimi. Lango likalia!

Nikarudishwa. Nikavua malapa. Likalia. Nikaambiwa ninyooshe mikono juu. Kamba hukatikia pabovu, na yangu ilikatikia hapo hapo. Suruali ikaniacha. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Rubani akageukia ukutani kusoma tangazo la maji ya kunywa.

Dada akachukua kile kifimbo cha kugundua chuma, akanipitishia mwilini. Miguuni kimya. Kiunoni kimya. Akafika shingoni, kikapiga kelele. Akapindua ukosi wa koti. Pini zimejipanga, na sindano mbili na uzi wake. Zile za Jumanne, nilizozichomeka wakati nang'oa zipu! Mkono wa fundi una akili yake, haumshauri mwenyewe.

Hapo mwenzake wa kwenye mashine akamwita aone gauni. Kwenye kioo pindo zima linang'aa, utadhani nungunungu amelala mfukoni. Jasho likanichuruzika. Nikakumbuka ahadi yangu ya kusema ukweli mapema. Nikamwambia yule dada kwamba nimekaa wiki nzima nikijiandaa ili wasiweze kunikagua.

Akaacha kutabasamu.

Chumba cha pembeni ni kweli kipo. Kina meza, viti viwili, na saa ya ukutani inayokwenda mbio. Mkuu wao akaingia, mtu mzima mwenye miwani. Nikamwambia yote: zipu, vifungo, jino, hata sigara. Nikasikia wanaita abiria wa ndege yetu. Nikalia, sioni haya kusema. Niliona kabisa mkono wa binti yangu ukiwa umeshikwa na Rubani. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akapangusa macho. Sijui kama alikuwa akilia au akicheka.

"Fundi," akasema, "ungekuja na zipu yako tu, saa hizi ungeshakaa kwenye kiti."

Pini zote zikabaki. Yule dada mwenyewe alinisaidia kuzichomoa kwenye gauni, taratibu, asichane kitambaa. Nikakimbia, gauni begani, suruali mkononi. Nikaingia wa mwisho.

Furaha moja. Begi la Rubani nalo lilirudishwa kwenye mashine, wakatoa chupa kubwa ya dawa nyeusi ya nywele. Wameitupa. Miaka yote hiyo anatuambia ukoo wao hauoti mvi! Mke wangu, dada yake wa damu, anatazama dirishani na mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 8 Juni

Sanduku lilifika salama, mkasi na kopo la pini vimo. Mke wangu aliniwekea vyote mezani, kimoja kimoja. Afadhali angenigombeza.

Alfajiri binti yangu alisimama juu ya kiti, nikapiga magoti, nikashona pindo huku nimeshavaa koti. Limemkaa! Mlangoni mwa ukumbi nilimshika mkono. Nilifurahi hadi nikaogopa. Akanikumbatia, akalaza shavu begani kwangu.

"Baba," akaninong'oneza, "mbona unanichoma?"

Kwenye picha zote ana alama nyekundu shavuni. Rubani, kofia mpaka kwenye nyusi, anamwambia kila mtu kwamba yeye asingemchoma.

Jumatatu, 10 Juni

Kesho tunarudi. Nimetafakari na nimeona kosa langu: nilikwenda na chuma kidogo mno. Chuma kidogo kinatia shaka. Kesho nitavaa mkanda wa mnyororo, viatu vya misumari, bangili za mke wangu, na mkasi wa baba nitauning'iniza kifuani waziwazi, waone sifichi kitu. Lango litalia mpaka wachoke, waniache nipite kama upepo.

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza, kwa upole kabisa, kama kuna ndege ya kesho kutwa.

Zipu nimesharudisha. Nimemaliza sasa hivi, na sindano nimeichomeka ukosini isije ikapotea.