Sikumuua Gakwaya, Nilimsalimia

Mubi, dukani, pembeni mwa maegesho ya pikipiki

Kwa Papa Callixte, Prezida wa kikundi cha mchezo wa simu "Ngome ya Walikale", Kibua

Papa Prezida mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali pakavu, na miwani yako iko karibu, maana ni ndefu. Naandika kwa karatasi kwa sababu antena yetu ya simu imelala tangu risasi zilipoanza kusikika upande wa Masisi, na hasira yangu haiwezi kungojea mafundi. Anayekuletea ni Merdi, kwa moto yake, ile pikipiki unayoijua. Ameapa kwa jina la Bikira Maria kwamba hataifungua njiani. Kwa hiyo sehemu inayomhusu nimeiandika kwa herufi kubwa, asiumize macho.

Ni mimi Kaswera Françoise, Mkatoliki, mwenye duka la sabuni, chumvi na betri, na mpaka juzijuzi mganga wa kikundi chetu. Mmenivua uganga mkampa shemeji yako Adrienne. Naomba nirudishiwe. Ombi langu ni hilo moja, mengine yote ni maelezo.

Kwanza tukubaliane juu ya kazi za watu. Tukiingia kwenye pango la mchezo tunaingia wanne. Gakwaya anashika ngao na kupokea mapigo. Merdi anapiga mishale. Wewe unatupa moto. Mimi natibu: namgusa mgonjwa kwenye kioo cha simu, damu yake inarudi. Tunasikilizana sauti humo humo kwenye simu, Gakwaya akiwa kule juu Masisi kwenye ng'ombe zake, wewe Kibua, sisi wawili hapa Mubi. Na mle pangoni anakaa Zimwi wa Mlango wa Tano, ambaye hatujamshinda hata siku moja. Mnasema kosa ni langu. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Juu ya salamu

Papa Prezida, dukani kwangu anaingia kila aina ya mtu. Anaingia mchimba madini mwenye tope mpaka masikioni. Anaingia askari mwenye bunduki, ambaye angeweza kuchukua sabuni na kwenda zake. Hata huyo husimama mlangoni akasema, "Mama, bonjour." Akishasalimia ndipo anachukua sabuni na kwenda zake. Lakini amesalimia.

Sasa mtazame Gakwaya. Siku ile ya vita vyetu vya mwisho, Zimwi lilimwinua kwa meno likamtikisa. Badala ya kusema neno moja la heshima, akapiga kelele: "Mama Kaswera, dawa! Dawa! Niko nakufa!" Hakuniuliza nimeamkaje. Hakuniuliza kama lori la chumvi limetoka kwenye matope. Mimi, kwa malezi niliyopewa nyumbani, nikamjibu polepole: "Bonjour, Gakwaya. Uliamuka muzuri? Ngombe ziko muzuri?" Nikangojea anijibu, kama desturi inavyotaka. Hakujibu. Alikuwa amekwisha kufa.

Mnatangaza kila mahali kwamba nilimuua Gakwaya. Sikumuua. Nilimsalimia.

2. Juu ya mwenye ngao anayetembea nyuma

Mchezo wenyewe unasema wazi kwamba mwenye ngao anatangulia. Gakwaya hatangulii. Amelelewa nyuma ya ng'ombe na fimbo yake mkononi, na hakuna atakayemtoa hapo. Tukiingia pangoni anaingia wa mwisho, anatupigia mluzi, na Merdi akitoka kidogo njiani anampiga ngao ya mbavu ili arudi kwenye msafara. Nilipomwuliza kwa upole kwa nini anafanya hivyo, alinijibu: "Mama, ule wa nyuma njo anaona bote. Nikienda mbele, nitajua namna gani yenye imebaki?"

Maana yake, wa nyuma ndiye anayeona wote. Ni jibu zuri sana kwa mtu mwenye ng'ombe. Lakini mimi si ng'ombe, ni mganga, na kwa utaratibu wake nani anabaki mbele? Ni mimi, na mfuko wangu wa dawa, uso kwa uso na Zimwi. Nimeumwa mahali ambapo mama wa umri wangu hapaswi kuumwa hata kwenye simu.

3. JUU YA MERDI

MERDI ANAOKOTA KILA KITU. ZIMWI DOGO HALIJAANGUKA VIZURI, YEYE AMEKWISHA KUPEKUA MIFUKO YAKE. JUZI ILIDONDOKA KANZU NYEUPE YA UGANGA, AMBAYO MTU WA MISHALE HAWEZI KUIVAA, MCHEZO UNAMKATALIA. AKAIOKOTA. NIKAMWOMBA. AKASEMA, "NJO MIMI NILIONA WA KWANZA, MAMA, ACHA IBAKIE TU HUMU." IBAKIE HUMU KUFANYA NINI? MERDI, KWA KUWA UNASOMA: IRUDISHE KANZU.

4. Juu ya hotuba

Hapa nasema kwa heshima zote, kwa sababu wewe ni Prezida na ulifundisha shule miaka mingi. Kila kikundi kinahitaji komite, na komite inahitaji neno la ufunguzi, sikatai. Ninachouliza ni kama lazima neno hilo lisemwe tukiwa tumekwisha kuvuka mlango. Mara ya mwisho ulikuwa bado unawashukuru waliokutangulia kuongea, na hakuna aliyekutangulia, pale Zimwi lilipokula mguu wako. Uliendelea. Nilikustaajabia, lakini dawa zangu nyingi ziliishia kwenye mguu ule.

5. Juu ya kura

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Baada ya Gakwaya kufa, Zimwi lilinigeukia mimi nikafa vilevile. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mlango wa pango, na mchezo huo haumruhusu maiti kusema. Ndipo wewe, Papa Prezida, ukatangaza kikao. Mlijadili tabia yangu juu ya mgongo wangu. Uliuliza kama kuna mwenye kupinga, ukangojea, ukasema, "Mama Kaswera ananyamaza, kwa hiyo anakubali." Nilikuwa nagonga simu kwa vidole kumi. Hata marehemu wa kweli, kwetu, ndugu zake huulizwa.

Sasa mapendekezo. Mkinirudisha, naomba kikundi kipitishe sheria ndogo. Mgonjwa asalimie kabla ya kuomba dawa. Anayebaki na damu kidogo sana anaruhusiwa kufupisha: "Mama, bonjour, nakufa." Wakiumia wawili pamoja, atangulie mkubwa kwa umri, nikiwa na maana ya wewe. Mganga akifa, mchezo usimame, watu waje kuketi matanga nasi, na kila mmoja alete chochote.

Nimefikiri zaidi, kwa kuwa bila antena mtu anapata nafasi ya kufikiri. Kama salamu ni haki ya mganga, kwa nini isiwe haki ya Zimwi? Tumeingia nyumbani kwake mara ngapi bila hodi? Amekaa kwake, na mlango wake ni wa tano, maana yake amejiwekea milango mingine minne ili asisumbuliwe. Tunavunja yote, tunampiga mishale, Merdi anamwibia vyombo, halafu tunashangaa amekasirika. Sisi wa huku tunajua vizuri jinsi inavyouma watu kukuingilia nyumbani bila hodi. Mimi nimeshaingiliwa, wewe umeshaingiliwa, na jamaa za Gakwaya wameingiliwa mpaka wamezoea kulala wamevaa viatu. Napendekeza safari ijayo tusimame nje, tupige hodi, tungojee. Akisema karibu, tutaingia na kuongea. Akikataa, turudi nyumbani kama watu.

Usicheke, Papa Prezida. Nasema ukweli wangu. Njia ikiwa imekatwa, wateja wamepungua, na nusu ya watu wa mtaa huu wamehama, ni jioni tu, simu ikiwa sikioni, ndipo nilipokuwa najisikia mtu mwenye kazi na mwenye watu. Kuwa mganga wenu kulinifurahisha kuliko nilivyowahi kuwaonyesha. Mmeniondoa na nimelia, naandika wazi. Kuhusu Gakwaya, tangu antena ilale hakuna mwenye habari zake. Mimi simwulizii. Akipatikana, mwambie tu kwamba ananidai salamu, hapana, mimi ndiye ninayemdai.

Nangojea uamuzi wa komite kwa heshima na kwa hasira kiasi. Nisalimie Mama Emérita wa nyumbani kwako, watoto, mbuzi wenu yule mkali, jirani zako wa pande zote mbili, na mwalimu aliyekurithi darasa. Msalimie pia Adrienne ukimwandikia, ingawa yuko hapa Mubi nami na ningeweza kumsalimia mwenyewe.

Mimi mwanachama wenu mwenye kuonewa,
Kaswera Françoise, mganga

Nyongeza: Papa Prezida, kabla Merdi hajawasha pikipiki yake, antena imerudi. Yako huko nadhani bado, maana hatukukusikia. Simu ya Adrienne ilikuwa hapa mezani inachajiwa kwa sola yangu, ikaanza kulia kwamba mchezo umefunguliwa. Niliishika ili niizime. Haki ya Mungu ni hilo tu nililotaka. Ndipo nikasikia: "Dawa! Dawa! Muko wapi, banipe dawa!" Ni Gakwaya. Alikuwa ameingia pangoni peke yake kututafuta, na Zimwi limemshika.

Sikungoja bonjour. Nilimwaga mfuko mzima wa uganga wa Adrienne, hata dawa ya akiba, hata ile ambayo mchezo unasema ni ya mganga mwenyewe. Damu yake ikajaa mpaka juu. Merdi, ambaye bila shaka amekwisha kusoma barua hii, akachungulia dirishani akapaza sauti: "Gakwaya, salimia Mama kwanza, iko na kasirani!" Basi Gakwaya, mtoto wa watu, akashusha ngao chini mbele ya Zimwi akaanza: "Bonjour, Mama Kaswera. Muliamuka muzuri? Siye tuko bazima, Mama. Tulikimbia na ngombe mu pori, mutoto mudogo alipata homa lakini amepona, mama yangu iko hapa anakusalimia sana..."

Nilimpigia kelele mpaka wateja wakatoka nje: "Gakwaya, funga kinywa! Inua ngao!" Hakuinua. Alikuwa bado ananiuliza habari za lori la chumvi. Zimwi lilimla yeye, halafu likanila mimi, na nikabaki nimelala pale mlangoni nacheka na machozi yananitoka.

Uganga mwachieni Adrienne, au mnipe, mtakavyoona. Ile sheria ya salamu ifuteni kabisa. Gakwaya asinisalimie tena mle ndani. Apige kelele tu, aite dawa kwa nguvu zake zote, kila jioni. Nikimsikia anapiga kelele nitajua yuko.